Sikuuliza Mara ya Pili

Mjukuu wangu alikuwa na miaka mitatu na nusu nilipogundua kwamba haoni vizuri. Nilimnyooshea kikombe cha uji, yeye akapeleka mkono pembeni ya kikombe, akashika hewa. Akacheka. Mimi nikacheka pia, nikadhani ananitania, maana ana utani kuliko watu wazima wote wa nyumba hii. Nikamsogezea tena. Akashika hewa tena. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikambeba, nikamtoa nje kwenye jua, nikamfungua kope kwa vidole. Katikati ya jicho, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupe kama tone la maziwa limedondokea kwenye chai ya rangi. La kushoto lilikuwa limezidi, la kulia ndiyo linaanza. Nilikuwa naishi naye tangu ananyonya. Nilikuwa nimempaka mafuta uso huo huo kila asubuhi, na sikuwa nimeona. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili mtu asije akafikiri nimekaa hapa kulaumu watu wengine.

Na niseme jambo lingine, nalo silifichi: mtoto huyu najivunia. Alitembea na miezi tisa. Alianza kuimba kabla ya kusema sawasawa, na wanakwaya wa mtaani kwetu wakifanya mazoezi yeye anawasahihisha kutoka mgongoni kwangu. Watu wakasema ana akili ya bibi yake. Sikukataa.

Mama yake ni binti yangu wa mwisho. Anauza mitumba soko la Mbalizi, anakuja kwetu Uyole mwisho wa wiki, wiki nyingine haji. Baba wa mtoto yuko kwenye malori, na habari zake ziishie hapo. Kwa hiyo mambo ya mtoto nilikuwa nayashika mimi. Niliyataka mwenyewe niyashike. Binti yangu alipoona lile jicho akalia, nikamwambia, "Futa machozi uende sokoni. Hili niachie."

Daktari wa macho wa Mbeya alimmulika mara moja tu akasema ni mtoto wa jicho. Nikamwambia huo si ugonjwa wetu sisi wazee? Akasema hapana, watoto wanaupata, wengine wanazaliwa nao. Mzee anafanyiwa huku anaongea, lakini mtoto lazima alazwe usingizi, na kazi hiyo ina wataalamu wake. Akanieleza kuna timu ya madaktari wa macho ya watoto inakuja mara mbili kwa mwaka kwenye hospitali moja upande wa Iringa. Niende kwanza akapimwe huko, aandikwe kwenye orodha, halafu nisubiri kuitwa.

Tukaenda. Tulipanda basi hapo Uyole asubuhi, mtoto nimemvalisha sweta mbili, na mpaka tunaingia Iringa alikuwa ameshawaimbia abiria wote wa viti vya mbele na kulipwa karanga. Hospitalini akapimwa na daktari mwanamke, mwembamba, mpole, mwenye tochi ndogo kama kalamu. Huyo ndiye aliyenieleza, na maneno yake sijayasahau hata moja.

"Bibi, jicho ni dirisha tu. Anayetazama yuko ndani, kwenye ubongo. Kwa mtu mzima, dirisha likichafuka miaka, siku tukiliosha anaona, kwa sababu yule wa ndani alishajifunza kutazama zamani. Mtoto bado anajifunza. Dirisha likikaa chafu, yule wa ndani anachoka, analala. Akilala sana, tuoshe tusioshe, haamki."

"Amebakiza muda gani?"

"Timu inakuja baada ya wiki tano. Hiyo usiikose. La kushoto limeshachelewa, lakini bado lina nafasi."

Akanituma kwenye chumba cha mwisho, kwa mwanamke wa orodha. Huyo alikuwa na mafaili mpaka chini ya kiti, na anaongea huku anaandika.

"Bibi shikamoo. Simu hapa hatupokei, tutapokea za wangapi? Kila kitu ni imeili. Una imeili?"

"Marahaba. Sina."

"Una mtu mwenye imeili?"

"Nina mama steshenari."

"Basi umeshafika. Hii fomu daktari wa kwenu aijaze, uzito wa mtoto, damu, chanjo, kila kitu. Iskaniwe, itumwe kwenye anuani hii. Mtajibiwa tarehe ya kuja. Msipojibiwa ndani ya siku tatu, uliza tena. Sawa bibi? Uliza tena."

Nikaitikia, "Sawa mwanangu," kama mtu anavyoitikia akiambiwa awasalimie wa nyumbani.

Mama steshenari ana duka lake hapo barabarani, katikati ya ghala la viazi na duka la dawa. Alikuwa katibu muhtasi wa ofisi za serikali zamani, akaacha kazi, akanunua kompyuta na mashine ya fotokopi. Anachapa bila kuangalia vidole. Ni mama mtu mzima, ana watoto watatu sekondari, na tunaheshimiana. Siku niliyokwenda na fomu, duka lilikuwa limejaa vijana wanaoomba vyuo, kila mmoja na vyeti vyake kwenye bahasha ya nailoni, foleni imetoka mpaka nje kwenye vumbi. Waliniachia nipite mbele kwa ajili ya mvi zangu, ila kwa shingo upande.

Akaiweka fomu kwenye mashine, akaandika barua, akanisomea. Ilikuwa fupi mno. Nikamwambia aongeze kwamba tunawasalimu sana na kuwaombea afya njema. Akaongeza. Halafu hakutuma.

"Ngoja bibi, nikuwekee kikumbusho."

"Kitu gani hicho?"

"Kibendera. Unakibandika kwenye barua. Siku ya tatu kompyuta inanipigia kengele: bibi hajajibiwa, uliza tena." Akaanza kunionyesha. "Nabonyeza hapa. Inafunguka hii. Naingia hapa, nachagua kibendera. Naweka tarehe. Naweka saa. Nakubali. Aa, imekataa, tarehe nimeikosea. Narudia."

Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna. "Mama, mwisho wa maombi ni leo jamani!" Mwingine, kijana mrefu wa kofia, akasema, "Kwani bibi anapeleka posa?" Duka zima likacheka.

"Napeleka," nikamjibu, "na kwa hiyo sura wewe hupati hata wa kukukataa." Wakacheka zaidi. Lakini lile neno la posa ndilo lililoniamulia, na hapo ndipo nilipoharibu.

Maana sisi kwetu, ukishamtuma mshenga ukweni, unakaa. Wakikaa wiki, unakaa wiki. Wakikaa mwezi, unalima, unapalilia, unakaa mwezi. Humtumi mtu wa pili kabla wa kwanza hajajibiwa. Anayetuma mara ya pili anawaambia wale watu kwamba hawajui wanachokifanya, na anajivua nguo mwenyewe: nyumba yake ina shida, haina subira, haifai kupewa mtoto wa watu. Nimekua nikisikia habari ya kaka yangu mkubwa. Jembe la posa lilipelekwa, likapokelewa vizuri, likawekwa ndani. Zikapita wiki tatu kimya. Baba mdogo akashindwa kuvumilia, akatuma mtu akaulize. Kesho yake tukaamka tukakuta jembe letu limeegemezwa ukutani kwa nje, hakuna aliyepiga hodi, hakuna salamu: tumekataliwa. Mama yangu alikaa msimu mzima hapiti njia ile. Mimi nilikuwa msichana mdogo, na nikajifunza: ukishaomba kwa mkubwa, nyamaza. Kunyamaza ndiyo adabu, na ndiyo kunaonyesha kwamba unamwamini.

Nikamwambia mama steshenari, "Achana na hicho kibendera. Tuma tu."

"Bibi, wenyewe wanataka kukumbushwa."

"Anayeshika kisu cha jicho la mjukuu wangu nikampigie kengele? Akiudhika je?"

"Hawa siyo wakwe, bibi. Ni ofisi."

"Mkubwa ni mkubwa."

Akaniangalia, akaangalia foleni. Kijana wa kofia alikuwa ameanza kugonga meza kwa sarafu. "Basi nitakiweka baadaye, watu wakipungua."

"Usikiweke."

"Haya."

Akabonyeza, ikaenda. Nilitoka pale nimenyoosha shingo kama niliyemaliza kazi kubwa.

Wiki ya kwanza nilikuwa shambani kwenye viazi. Wiki ya pili pia. Nilipita mbele ya steshenari kila siku, na kila siku tukasalimiana, za asubuhi, za kutwa, mjukuu hajambo, hajambo. Mimi sikuuliza, maana kumuuliza yeye ni sawa na kuwauliza wao. Yeye hakusema, na baadaye aliniambia alifikiri nimeshaitwa kwa njia nyingine, kwamba kama kuna shida ningekuja. Barua mia za watu zilikuwa zimeshapita juu ya ile yangu.

Mtoto akaacha kukimbiza kuku. Akaanza kukaa mlangoni, amegeuza uso kuelekea kwenye mwanga, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Siku moja saa saba mchana, jua linachoma mgongo, akaniuliza, "Bibi, kumeshakuwa jioni?"

"Ni ukungu," nikamwambia. "Utaondoka."

Kwetu ukungu upo kweli, na miezi ya baridi unaweza kukaa mpaka saa nne, kwa hiyo akaniamini. Mimi mwenyewe nilijiambia wiki tano bado. Halafu nikajiambia labda madaktari wamechelewa njiani. Usiku nilisali. Kusali nilisali kila siku, tena jambo lile lile, bila kuona aibu kurudia, na wala sikujiuliza kwa nini huko naruhusiwa.

Wiki ya sita binti yangu akaja kutoka Mbalizi. Hakuweka hata mfuko chini.

"Mama, wamesemaje Iringa?"

"Bado."

"Umeuliza lini mara ya mwisho?"

"Nimetuma barua."

"Sijauliza umetuma lini. Nimeuliza umeuliza lini."

"Usinisemeshe kama mteja wako wa mitumba."

"Mama! Umeuliza lini?"

Nikanyoosha mkono nimpokee mfuko. Akanishika mkono, mimi mama yake, akaniburuta barabarani kama mtoto aliyeiba, mpaka steshenari. Watu wanaangalia. Mama steshenari alipotuona akaacha fotokopi katikati. Akatafuta kwenye kompyuta, akashuka chini, akashuka, akashuka. Akaipata barua yangu iko peke yake, salamu zake na kuombeana afya njema, na chini yake hakuna kitu.

"Hawakujibu," akasema polepole.

"Andika sasa hivi," binti yangu akasema.

Akaandika mistari miwili. Akatuma. Tukakaa kwenye benchi, na mama steshenari akatuletea chai kwenye chupa, akamimina vikombe vitatu. Chai ilikuwa bado inatoa moshi, kompyuta ikalia. Nilifikiri ni ya mtu mwingine. Ilikuwa ya kwetu. Walijibu kabla chai haijapoa. Mpaka leo nikiona chai inatoa moshi naisukuma pembeni.

Mama steshenari akasoma kwa sauti, akaacha, akaanza tena. Waliandika kwamba barua yetu ya kwanza waliipata. Waliandika kwamba maombi yalikuwa mengi, wakapanga kwanza wale waliokuwa wakifuatilia. Waliandika kwamba hawakusikia tena kutoka kwetu, hivyo wakajua mtoto ameshapata huduma sehemu nyingine. Timu ilimaliza kazi Ijumaa iliyopita, imeondoka. Karibuni awamu ijayo, baada ya miezi sita.

Yaani nilikuwa nimenyamaza kwa heshima, na wao wakasikia kwamba siwahitaji tena.

Binti yangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Ile habari ya jembe anaijua, nimemsimulia tangu mdogo nikimfundisha adabu. Aliweka kikombe chini akasema, "Mama, mjomba si alioa kwingine? Akapata mke mwingine, akazaa. Mwanangu atapata wapi macho mengine?"

Nikakiokota kile kikombe, nikamrudishia mama steshenari.

Tulijaribu Dar es Salaam. Foleni ya huko ilikuwa ndefu kuliko miezi sita, na tungeanza upya kupimwa. Daktari wa Mbeya akasema bora tusubiri Iringa, akaandika kwenye kadi neno ambalo sikulielewa, na alipoulizwa na binti yangu akasema maana yake ni "haraka".

Siku ya pili baada ya lile jibu la Iringa, mama steshenari alinifuata nyumbani. Nilikuwa nachambua maharage, sikumkaribisha kiti. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Bibi, nimekuja kukuomba msamaha. Nilisema nitakiweka baadaye."

"Nilikwambia usikiweke."

"Ningekiweka kimyakimya. Usingejua. Nilitaka kukiweka, kweli. Ila kilikuwa kinachukua muda na wale watoto wananipigia meza. Nikasema watakapopungua. Hawakupungua mpaka saa kumi na mbili, na mimi nikafunga."

Nikaendelea na maharage.

"Leo tangu asubuhi nimefunga duka, nimekaa na ile kompyuta. Twende nikuonyeshe."

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Kwenye kompyuta yake, juu kabisa, kulikuwa na kitufe kipya. Alikitengeneza mwenyewe, kwenye mambo yaliyo humo humo ndani. Unaandika barua yako, ukimaliza badala ya kubonyeza pa kutuma unabonyeza hicho. Kibendera kinapanda, tarehe inajiweka siku ya tatu, saa inajiweka saa mbili asubuhi anapofungua duka, na barua inaondoka. Vyote mara moja. Akanihesabia kwa vidole: ile njia ya zamani ilikuwa kubonyeza mara nane, na ukikosea tarehe unarudi mwanzo. Hii ni mara moja.

"Ilikuwepo humu siku zote," akasema. "Miaka yote ninayotumia hii kitu. Sikuwahi kuitafuta."

Nadhani alitegemea nishukuru. Mimi nilitaka kuinyanyua ile kompyuta niitupe barabarani ipitiwe na lori. Kitu kidogo kiasi hicho! Mara nane na mara moja, tofauti yake haimalizi hata kukohoa. Mtu anaweza kupoteza mtoto mtoni, au kwenye moto, watu wakamwelewa, wakaja kulia naye. Nani atakuja kulia na mimi kwa sababu ya kubonyeza mara saba zilizozidi? Tena hata hizo saba nisizisingizie. Zingekuwa moja siku ile, bado ningemwambia asikiweke. Mashine ilikuwa nzito, na kichwa changu kilikuwa kizito kuliko mashine.

Nikamwambia "ndaga", ahsante ya kwetu, kwa sababu mama yangu alinilea vizuri, nikarudi kwenye maharage.

Tangu siku hiyo tuliandika kila siku ya tatu. Kengele inalia saa mbili asubuhi, mama steshenari anamtuma mtu au anakuja mwenyewe, "Bibi, imefika." Nakwenda, tunaandika: tunaulizia nafasi ya mtoto wetu. Akibonyeza kile kitufe, hesabu inaanza upya. Mwanzoni wakajibu vizuri. Baadaye wakajibu kwa kifupi. Mwezi wa tatu wa kuuliza, yule mwanamke wa orodha akaandika, "Bibi, mjukuu wako ni namba mbili kwenye orodha, tafadhali pumzikeni."

"Andika tena," nikamwambia mama steshenari.

"Bibi, wamesema namba mbili."

"Waulize namba moja ni nani, na kama bado anakuja."

Akaandika. Aibu niliyokuwa naiogopa maisha yangu yote ilikuja, nikaivaa, nikatembea nayo kila siku ya tatu mbele ya watu kwa miezi sita, na haikuuma hata kidogo. Ilikuwa nyepesi kama khanga. Ningeweza kuivaa siku ya kwanza kabisa.

Mtoto akatimiza miaka minne katikati ya hapo. Aliacha kuuliza kama kumekuwa jioni. Alizoea. Majirani wakasema, "Mtoto mpole siku hizi, ametulia." Alikuwa ametulia kwa sababu haoni pa kukanyaga. Na kuimba alikuwa bado anaimba, na kila alipoimba mimi nilitoka nje.

Awamu ikafika, tukaenda, binti yangu na mimi na mtoto. Mlangoni yule mwanamke wa orodha aliposikia jina la mtoto akasimama, akapiga makofi. "Kumbe wewe ndiye bibi wa imeili! Tunakujua ofisi nzima! Wenzangu wanasema ukistaafu viazi tukuajiri." Alikuwa anacheka kwa wema, sisemi vibaya. Halafu akasema, akiwa bado anacheka, "Ungetusumbua hivi hivi mara ya kwanza, ungekuwa umeshamaliza zamani."

Binti yangu akageuka akaangalia ukuta.

Walimfanyia macho yote mawili, siku mbili tofauti. Walipomtoa bandeji daktari yule mwembamba akaja na tochi yake na karatasi ya picha: kuku, nyumba, kikombe. Akamfunika la kushoto. Mtoto akataja kuku. Akataja nyumba. Akataja kikombe. Binti yangu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, natamani nimbebe nizunguke naye wodi nzima.

Daktari akamfunika la kulia.

"Hii ni nini?"

Mtoto akageuza uso kutafuta sauti yangu. "Bibi?"

"Sema unachoona, mama yangu," nikamwambia.

Akafikiri. "Kuku," akasema. Ilikuwa nyumba. "Na hii?" "Nyumba." Ilikuwa kuku. Alikuwa amekariri majina ya mwanzo, anayapanga kwa kubahatisha, na anatabasamu kuelekea nilipo ili nifurahi. Nilisema ana akili. Daktari akazima tochi.

Alituita pembeni. Akasema jicho la kulia litaona, kwa miwani, atasoma. Kushoto anaona mwanga na giza, labda kivuli cha mtu. Nikamuuliza lile swali nililokuwa nalijua jibu lake, kwamba kama ingekuwa ile awamu ya kwanza. Hakutaka kunijibu. Nikasema nijibu, mwanangu, mimi ni mtu mzima. Akasema, "Kungekuwa na nafasi nzuri, bibi." Akanishika bega.

Akatupa jambo la kujaribu. Kila siku, kwa muda wa saa mbili nzima, tuzibe lile jicho linaloona kwa plasta yake maalumu, ili lile la kushoto lilazimike kufanya kazi. Wakati mwingine yule wa ndani anaamka kidogo. Akasema tusitegemee sana. Akasema tufanye kila siku, tusiruke hata moja, kwa mwaka mzima au zaidi.

Binti yangu hawezi. Alijaribu siku mbili, mtoto akalia, naye akambandua. Amerudi Mbalizi. Tunaongea kwa simu, ananiuliza mtoto amekula nini. Habari ya imeili hajaitaja tena, na mimi sijawahi kumwomba msamaha, maana sijui mtu anaombaje msamaha wa jicho.

Kwa hiyo nafanya mimi. Akitoka chekechea, akishakula, anavua miwani mwenyewe, anaikunja vizuri, anaiweka kwenye kikasha. Anakaa kwenye stuli mbele yangu, anafumba. Nabandua karatasi ya plasta. Anaposikia ile sauti mabega yanapanda. Nabandika, nabana pembeni kwa kidole gumba mpaka isiingize mwanga. Halafu nampa picha, nampa mpira mwekundu, nampungia khanga mbele ya uso, na kumuuliza, mama yangu, unaona nini?

Siku za kwanza alibahatisha. Kuku, nyumba, kikombe. Sasa hivi habahatishi tena, ameshakua. Ananyamaza. Anakaa amenyoosha mikono mapajani, na jua limeijaza nyumba, na saa mbili zinapita. Jana aliniuliza mara moja tu, kwa upole sana, kama mtu asiyetaka kumsumbua mkubwa:

"Bibi, bado?"

Nikasema bado. Hakuuliza tena.